Ziwa au Mlima, Papa Aamue

Liège, tarehe 6 Mei 2025

Papa mpendwa,

Nakusalimia sana, na tena sana. Mnaamkaje hapo Mapendo? Macho yanasemaje? Yale matone ya dawa niliyompa Mama Furaha akuletee, yalifika, au yamebaki mpakani? Sisi huku ni wazima. Benny anakua mpaka suruali zinamkimbia. Victoire ameng'oka meno mawili ya mbele na bado haachi kuongea.

Nshobole, wewe unayemsomea Papa barua hizi kwenye simu yako na kumwandikia majibu yake, nakusalimia pia. Kama Landry mdogo wangu angekuwapo leo, ungekuwa wifi yangu kabisa. Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa.

Papa, naandika habari ya kipuuzi, na naona aibu kuiandika. Kiwanda cha mikate anapofanya kazi Dieudonné kina mfuko wa wafanyakazi. Kila mwaka wanapiga kura, na mwaka huu jina la mume wangu limetoka. Tumepewa wiki moja ya likizo, familia nzima, kwenye milima ya Alpes kule Ufaransa, mwezi wa saba. Najua nyinyi huko mnahesabu siku mbili za utulivu kuwa ni sikukuu, na mimi nakuandikia habari ya likizo. Unisamehe.

Shida ni kwamba zimebaki nyumba mbili, nasi tunapaswa kuchagua moja. Ya kwanza iko kando ya ziwa la Annecy, tambarare, watoto wanatoka mlangoni wanaingia majini. Ya pili iko juu kabisa mlimani, upande wa Beaufort, kijiji cha ng'ombe. Wanasema asubuhi ng'ombe wanapita mbele ya dirisha. Dieudonné na watoto wanataka mlima. Mimi nataka ziwa. Tumegombana wiki nzima, mpaka Benny akakutaja wewe, babu yake, akasema: "Koko alizaliwa mlimani na sasa anaishi kando ya ziwa. Yeye ndiye anajua yote mawili. Aamue Koko." Na wote wakapiga makofi.

Kwa hiyo, Papa, neno lako ndilo la mwisho. Nakuomba useme ziwa. Barabara za mlima zinanipa kichefuchefu, unakumbuka nilivyokuwa natapika tukipanda kutoka Sake. Useme ziwa tu, usieleze sana.

Ni mimi binti yako,
Bénédicte

*

Goma, Mapendo, tarehe 15 Mei 2025

Mutoto yangu Bénédicte,

Salamu nyingi kwako, kwa bwana yako Dieudonné na kwa wajukuu wangu. Mimi niko muzima, isipokuwa macho. Matone yalifika. Nshobole ananitia asubuhi na jioni, naona mwangaza na naona mutu amesimama, lakini ni nani, mupaka aseme. Barua yako amenisomea mara mbili. Ya kwanza nilisikiliza habari, ya pili nilisikiliza utamu.

Usione aibu. Mutoto wangu akipumzika, hata mimi nimepumzika kidogo. Hapa tuko. Banki bado zimefungwa, soko linaamka, watu wanasalimiana kwa sauti ya chini. Tutafanya nini?

Sasa tuje kwa kesi yako. Unaniambia niamue, halafu unaniambia niamue nini. Hiyo ni kura gani, mutu anapewa karatasi iliyokwisha kujazwa? Nimeikataa. Mimi nasema MULIMA, na Nshobole ameandika kwa herufi kubwa kama nilivyomuambia.

Sikiliza sababu zangu. Ziwa nimeishi nalo tangu tukimbie kule juu Masisi, mwaka wa tatu sasa. Ziwa ni la kutazama siku ya kwanza. Siku ya pili umekwisha kuliona, na bado unahesabu batoto kila dakika, huyu yuko wapi, yule yuko wapi. Na hili letu lina gazi, hewa ya kuua, chini yake, kila mahali pa bondeni unaambiwa usikae hapo. La Wazungu sijui, lakini maji ni maji. Mulimani mutoto akipotea unamuita, anaitika.

Nyumba muangalie hivi: mulango uelekee jua la asubuhi. Musikubali ya bondeni, ukungu hautoki mupaka saa ine. Muulize kama kuni ziko, maana hata mwezi wa saba mulima una baridi yake. Na siku ya kwanza musipande popote, mukae mukunywe chai, kifua kizoee.

Na ng'ombe! Uniandikie kila kitu. Rangi gani, pembe ziko ao wamezikata, wanakamuliwa saa ngapi, ni nani anakamua, mwanamume ao mwanamuke. Jibini wanaipika namna gani, kama yetu ya Masisi ao wanaharibu. Mimi tangu mwaka ule sijashika ng'ombe kwa mukono.

Kuna neno moja nataka kukuambia, na Nshobole nimemuambia aliandike hata kama halipendi. Wiki ile Landry alipanda kule juu, mimi nilikuwa nimelalamika. Nilisema maziwa haya ya unga yananikwama kooni, nikasema ningepata kibuyu kimoja cha maziwa ya kuganda ya ng'ombe wetu tuliowaacha kule juu, ningelala. Nilisema mbele yake. Siku ine baadaye akaniambia, "Papa, naenda kuona ngombe." Akaenda, na wenye bunduki wakamukuta njiani. Kila usiku nasikia mudomo wangu ukisema maziwa, maziwa. Sijamuambia mutu, hata padri. Nimekuambia wewe, yaya wake, dada yake mukubwa.

Mupande mulima. Mufurahi.

Papa yako,
Zéphirin

*

Liège, tarehe 21 Mei 2025

Papa mpendwa,

Habari za siku? Sisi wazima. Barua yako Benny aliisoma mezani kwa sauti, Victoire akacheza mpaka akapindua sahani. Dieudonné alicheka lile la karatasi iliyojazwa, amelisimulia kiwandani. Basi tumechukua mlima. Mlango unaelekea jua, nimeuliza. Kuni ziko.

Papa, yale uliyosema juu ya maziwa, uyaache. Si wewe. Nakuambia si wewe. Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi, kazini wagonjwa ni wengi na tuko wachache.

Bénédicte wako

*

Liège, tarehe 29 Juni 2025

Nshobole,

Ukiipokea barua hii simama hapa. Nakuomba mpe simu Mama Philomène, jirani, amsomee Papa yeye. Najua wewe ndiye macho yake, na najua ninakutukana kwa kukuomba hivi. Nina sababu. Sababu ni wewe mwenyewe.

Papa mpendwa,

Nakusalimia kwa unyenyekevu. Hapa kwetu ni wazima, na mimi ni mzima wa mwili. Wiki tano sijakuandikia. Kila jioni nilianza, nikafuta. Nilisema wagonjwa ni wengi. Wagonjwa ni walewale.

Papa, Landry hakupanda kwa ajili ya maziwa yako. Alipanda kwa sababu yangu.

Unawakumbuka wale ng'ombe saba ambao watu wa Dieudonné walitoa nilipoolewa. Ulisema ni wangu kwa jina na wa Landry kwa kazi, kwamba siku ya ndoa yake hao ndio watakaotoka, kwa sababu kwetu mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka. Na ukasema hawezi kuuzwa hata mmoja bila mimi kutamka. Mimi nilifurahi sana kwa neno lile, Papa. Huku hakuna mtu anayeningoja nitamke kitu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, mwaka jana, Landry alinitumia sauti kwenye simu. Alisema: "Yaya, bale ngombe batauzwa sasa hivi ao batapotea. Njia inaharibika kila siku. Kwao na Nshobole banasema hata anvelope ya feza banapokea, hawana neno. Useme tu ndiyo, mimi nitamaliza."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, miguu kwenye chuma cha moto cha ukutani, nakula machungwa. Ukutani nina picha ya wale ng'ombe saba, wamesimama mteremkoni, ile uliyonipa siku ya safari. Watoto huwasalimia kwa majina. Nilifikiri: nikikubali, nitawaambia nini watoto wangu, kwamba ng'ombe wa mama yao wamekuwa noti? Nikamjibu. Maneno yangu nayajua kwa moyo: "Bahasha ni mahari ya watu wa mjini wasio na kwao. Kama unamtaka Nshobole, mpelekee ng'ombe wenye pembe, wakwe wasimame waone. Mimi sitamki kuuza. Wateremshe mpaka Goma kwa miguu, kama Papa alivyofanya."

Alicheka, Papa. Mtoto yule alikuwa hawezi kunikatalia. Akasema: "Sawa, Yaya. Nitabaleta na pembe zao." Siku ya kumi na moja mkanipigia simu.

Nilifuta zile sauti zote, yake na yangu. Kwenye matanga niliyoyasikiliza kwa simu, mimi ndiye niliyelia kuwashinda wote, na nyinyi mkanihurumia, mkasema maskini yuko mbali. Landry aliyekuwa pale alitaka kuuza, kwa sababu alikuwa anaona. Mimi niliyekaa kwenye joto ndiye niliyedai mila.

Ndiyo maana nilitaka ziwa. Sitaki kuamka asubuhi nikaona ng'ombe wanapita dirishani.

Nakuomba msamaha, na Mama Philomène akimaliza kusoma, namwomba Nshobole msamaha pia, ingawa sijui nitamwangaliaje.

Binti yako,
Bénédicte

*

Goma, Mapendo, tarehe 8 Julai 2025

Mutoto yangu mupenzi Bénédicte,

Salamu kwa furaha. Mimi niko muzima, na safari hii sisemi kwa adabu tu. Nimelala usiku tatu mufululizo, mupaka jogoo wa Philomène ameniamsha kwa nguvu.

Nshobole alinisomea barua yako ya safari, namna munatayarisha mizigo na namna Victoire anataka kubeba chumvi ya kuwapa ng'ombe. Abebe chumvi, anajua, ana damu yetu. Lakini musiwape kwa kiganja ng'ombe musiowajua. Muulize mwenyewe kwanza.

Sasa nikuambie ajabu. Alipomaliza kusoma nikasikia analia. Nikamuuliza, binti, nini? Akaniambia: "Muzee, si maziwa. Ni mimi." Akanieleza kwamba yeye ndiye alimuambia Landry hataki bahasha, anataka ng'ombe wa kweli wafike kwa baba yake, na kwamba Landry alipanda kwa ajili ya kumupendeza. Mwaka mumoja na nusu amekuja hapa kila siku kunitia matone, na lile neno amelibeba tumboni.

Nilikasirika, sitadanganya. Nilimuambia aende kwao, na akaenda. Nilikaa peke yangu mupaka jua limepoa. Halafu nikafikiri, huyu alikuwa musichana anayetaka kuolewa vizuri. Ni kosa gani hilo? Kesho yake nilimutuma Philomène amuite. Nimemusamehe, na nilipomusamehe nikaona hata mimi naweza kujisamehe kidogo, kwa yale maziwa. Ninamuambia aandike haya yote na anakataa, anasema ni marefu. Nimemulazimisha.

Mupande salama. Barua ya ng'ombe naingoja.

Papa yako,
Zéphirin

Dada Bénédicte, haya ya chini muzee hayajui.

Barua yako niliisoma peke yangu, yote, nimekaa nyuma ya nyumba. Mama Philomène hakuiona. Sikumpa simu. Yale ya mizigo na chumvi nimeyatunga mimi.

Sikuwahi kumwomba Landry ng'ombe. Nilimwambia hata bila kitu nitakuja. Alinijibu kwamba yaya hataki, na yaya akisema amesema. Kwa hiyo mimi nilijua tangu zamani, na salamu zako nilikuwa nazisoma kwa sauti kila mwezi, Mungu akulipe, Mungu akulipe.

Usiniulize kwa nini nimemwambia hivyo. Usiniombe msamaha kwa simu. Andika habari za mlima, nitamsomea.

Nshobole

*

Mlimani, juu ya Beaufort, tarehe 22 Julai 2025

Mama Philomène,

Nakusalimia, wewe na nyumba yako. Habari za watoto, habari za biashara ya unga? Naituma barua hii kwa simu yako kwa makusudi. Nakuomba umsomee Papa kama ilivyo, usiruke hata mstari, na Nshobole awe amekaa hapo. Akitaka kutoka, mwombe kwa jina langu abaki.

Papa mpendwa,

Nakusalimia kutoka mlimani. Tulifika Jumamosi, nikatapika mara mbili njiani kama zamani. Siku ya kwanza hatukupanda popote, tulikunywa chai kama ulivyoagiza.

Ng'ombe niliwaogopa siku mbili, nikawa nafunga madirisha kabla hawajapita. Siku ya tatu Victoire alinivuta mkono. Basi sikiliza. Ni wa rangi ya kahawia, wote, na macho yamezungushwa weusi kama wanawake wanaokwenda harusini. Pembe wanazo. Kila mmoja amevaa kengele shingoni, na kelele yake huisikii tena baada ya dakika kumi. Wanakamuliwa saa kumi na moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, na anayekamua ni mwanamke wa umri wangu pamoja na baba yake. Wana mashine, lakini ng'ombe mmoja mkali wanamkamua kwa mkono, na mzee ndiye anayemwongelesha. Jibini yao ni kubwa kama gurudumu la pikipiki. Nimeonja. Ni nzuri, Papa, lakini ni kavu kuliko yetu.

Yule mwanamke aliniuliza kama kwetu kuna ng'ombe. Nikasema tulikuwa na saba. Akaniuliza walikwenda wapi. Nilisimama pale na chumvi mkononi, watoto wangu wote wawili wananitazama, na sikuweza kumdanganya mtu nisiyemjua. Niliwaambia watoto palepale. Dieudonné nilimwambia jioni. Sasa nakuambia wewe.

Papa, Nshobole hakuomba ng'ombe. Amekudanganya ili anifunike. Landry aliniomba mimi ruhusa ya kuwauza, apeleke bahasha, na kwao Nshobole walikuwa wamekubali. Mimi nilikataa. Nilimwambia awateremshe kwa miguu mpaka Goma wakwe waone pembe. Alinitii, akafa. Niliandika yote haya mwezi wa sita, na Nshobole hakukusomea. Yale uliyosikia ya mizigo na chumvi aliyatunga yeye. Chumvi tumeinunua baada ya barua yako.

Umemkasirikia msichana ambaye hakufanya lolote, ukamfukuza, halafu ukamsamehe kosa langu. Ule msamaha si wangu na si wake. Nimeulalia siku kumi na nne, nikiwaza kwamba unalala vizuri, na kwamba nikinyamaza utaendelea kulala vizuri, na mimi nitabaki binti yako mpendwa. Nilitaka sana kunyamaza, Papa. Nilitaka mpaka nikaona ninamtumia Nshobole kama nilivyomtumia Landry, wao wabebe, mimi nitamke.

Nshobole, ulisema nisikuombe msamaha kwa simu. Sikuombi.

Bénédicte

*

Goma, Mapendo, tarehe 17 Agosti 2025

Bénédicte,

Salamu. Anayeandika ni Philomène, mimi ninasema.

Barua yako ilisomwa yote. Nshobole alikuwa amekaa, hakutoka. Kisha sikutaka kusikia sauti ya mutu, karibu wiki tatu. Usingizi umeondoka tena. Sikulaumu kwa usingizi.

Nshobole nilimuomba radhi kwa kumufukuza. Nilimuuliza juu ya nini amejitwika neno lisilo lake. Akaniambia: "Muzee, ulikuwa umebaki na mutoto mumoja tu."

Nimejaribu kukuandikia nimekasirika, na Philomène akaandika, akanisomea, nikamuambia afute. Nimejaribu kuandika nimekusamehe, hiyo pia nimeifuta. Hasira yangu ni kubwa, haiingii ndani ya simu ya jirani, na mimi sitaki kuigawa vipande vipande kila mwezi pamoja na salamu.

Watu wanapitia Kigali, mupaka uko wazi muchana. Usitume picha, usitume dawa. Njoo, ukae mbele yangu hapa, nikukasirikie nikisikia unapumua.

Papa yako,
Zéphirin